Kitanda Kina Jirani

"Sema kasoro yake, Mama Blessing, nirekebishe," Eliezeri alisema. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda kana kwamba anakiombea, kumbe anakifuta vumbi. "Chaga zimenyooka. Besera ya kutundikia chandarua imekaa. Vanishi hii ukiinama unajiona mpaka meno. Kasoro iko wapi?"

Faustina, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Blessing, hakuwa ameingia ndani ya karakana. Alisimama nje ya mlango, kitenge kakibana kifuani, shingo kainyoosha kama mtu anayechungulia kisima kirefu.

"Hakina kasoro," alisema. "Kina jirani."

Eliezeri hakugeuka kumtazama huyo jirani. Alimjua. Jirani alikuwa kasimama wima kwenye kona, kaegemea ukuta, mrefu kuliko kabati la nguo, mrefu kuliko mlango wenyewe, kafunikwa shuka la maua ambalo Atuganile, mkewe Eliezeri, alikubali lipotee ili wateja wasiogope. Shuka halikusaidia kitu. Jeneza ukilifunika shuka la maua, watu wanaona jeneza lililovaa gauni.

"Mwanangu anaoa Jumamosi," Faustina aliendelea. "Bibi harusi wa watu akalale juu ya kitanda kilicholala na jeneza! Akiota ndoto mbaya usiku wa kwanza, ataulizwa nani? Mimi, mama mkwe."

"Kitanda hakilali na kitu, mama. Kitanda ni mbao."

"Na lile pale ni nini? Chapati?"

Eliezeri alisimama. Magoti yalilia yote mawili. "Kitanda uliniagiza. Kipimo ulinipa wewe. Rangi ulichagua wewe, ukabadilisha, nikabadilisha. Leo kimekwisha unakikataa kwa sababu ya kilichosimama kona nyingine?"

"Sijakikataa," Faustina alisema, akarudi nyuma hatua moja, maana upepo ulilitikisa shuka. "Nimesema hivi. Lile likitoka, nakuja na bajaji ya mizigo nabeba kitanda changu. Lisipotoka, nakwenda kwa mafundi wa mjini, na nitawaambia wenzangu wa kwaya kwa nini nimekwenda huko."

Hapo ndipo palipomuuma. Kwaya ya akina mama ilikuwa na wajumbe wengi, na kila mjumbe alikuwa na mtoto wa kuoza.

Karakana ya Eliezeri ilikuwa kando ya barabara kuu pale Uyole, mahali ambapo malori hupumua kabla ya kupandisha na wauza viazi hupanga magunia kama ngome. Viazi vikishatoka na mahindi yakishauzwa, watu wanaoa. Wakioa, wanataka kitanda. Msimu ndio huo. Miaka mingine wateja walikuwa wakipishana mlangoni, wengine wakiingia tu kukwepa manyunyu, wanakaa juu ya mbao, wanasema ya dunia, wanaondoka wameagiza kabati. Mwaka huu wauza viazi waliona bora wanyeshewe. Mmoja alikuwa amefunika magunia yake na kichwa chake kwa turubai moja, mlango wa fundi uko wazi hatua chache tu, akakaa palepale kwenye maji kama bata.

Eliezeri alikuwa fundi wa vitanda. Majeneza alitengeneza pia, nani hatengenezi, lakini jeneza ni kazi inayotoka siku ileile. Halina tabia ya kulala kwa fundi.

Hili lililala.

Lilikuja hivi. Mzee Liberatus, Mhehe wa kule Kilolo mkoani Iringa, alikuwa amekuja kwa binti yake Uyole kutibiwa kifua. Asubuhi moja akaanguka uani, akawa wa baridi, hajibu. Wanawake wa jirani walifika kwanza, wakamtazama, wakapiga yowe. Mwanawe Silvester, anayeendesha gari la magogo huko Mgololo, bahati mbaya siku hiyo alikuwa hapohapo, kaja kumwona baba yake. Silvester ni mtu wa kuwahi. Akawaza safari ya kwenda Kilolo kuzika, akawaza barabara, akawaza mvua, akakata mwanzi uani, akamlaza baba yake sawasawa, akampima. Walimtafuta fundi kabla ya kumwita daktari.

Alifika kwa Eliezeri na mwanzi begani, macho mekundu. Akachagua mbao, akalipa yote kwa simu papo hapo, wala hakuomba punguzo, jambo ambalo lilipaswa kumshtua fundi yeyote. Eliezeri akaacha kazi nyingine zote. Alasiri akapiga simu: liko tayari, njooni mchukue.

"Fundi," Silvester akajibu, na nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu wengi, wengine kama wanacheka, "mzee kaamka. Anaomba uji."

"Bwana asifiwe," Eliezeri alisema, na alimaanisha. Kisha akalitazama lile jeneza refu, vanishi haijakauka. "Na hili?"

Simu ikakatika. Tangu siku hiyo kila akipiga, Silvester alikuwa na maneno matatu tu. Usiuze. Usiguse. Usilete. Kulileta nyumbani ni kumwita mzee arudi alikokuwa. Kuliuza ni kumuuza mzee. Na mwanzi wa kipimo ndio ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kwao mwanzi uliompima mtu hauzururi: unavunjwa, unazikwa naye. Ukivunjwa yeye akiwa hai, mmemvunja. Kwa hiyo mwanzi nao ulikuwa umelala kwa Eliezeri, juu kwenye boriti, na kila alipoinua macho kutafuta msumeno aliuona.

Faustina alipoondoka, Eliezeri alivua aproni, akaenda kwa Eveline.

Eveline alikuwa msaidizi wa kisheria wa kata. Ana kiduka cha madaftari na kalamu, na benchi moja nje ya kiduka, na benchi hilo limesikia mengi kuliko padri. Alimkuta anamenya maharage mabichi ndani ya ungo.

"Uliagizwa?" Eveline aliuliza alipokwisha kumsikiliza.

"Niliagizwa."

"Ukakubali?"

"Nikakubali."

"Ukalipwa?"

"Lote. Siku ileile."

"Basi mkataba ulikamilika, hata kama hamkuandikiana chochote. Kitu kimetengenezwa kwa kipimo cha mtu, kimekwisha, umemwambia aje achukue. Tangu hapo si mali yako, baba. Wewe ni mtunzaji tu."

"Nikilivunja nikapata kabati?"

"Umeharibu mali ya mtu."

"Nikiliuza?"

"Umeuza kisicho chako. Huwezi kumpa mwenzako haki ambayo wewe mwenyewe huna. Mwenye mali akitokea, anakifuata kitu chake kilipo."

"Kitakuwa chini ya ardhi, Eveline!"

"Ndiyo maana nakwambia usiuze."

"Nikilitoa nje?"

"Likinyeshewa ni uzembe wako. Mtunzaji anatunza cha mwenzake kama angetunza chake."

"Changu ningeshakichoma moto." Eliezeri alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Hiyo sheria yako nimeikosea nini mimi? Kila mlango nikigonga imekaa ndani."

Eveline alitupa ganda. "Unaweza kumpa notisi aje achukue, na akichelewa umdai gharama za kumtunzia. Haki hiyo unayo."

"Sitaki gharama. Nataka kona yangu." Akainuka, akakaa tena. "Notisi yenyewe nampa nani? Silvester anasema hakujinunulia yeye, alimnunulia baba."

Hapo Eveline aliacha kumenya. Ilionekana swali limemnogea. "Mzee alimtuma?"

"Alikuwa amezimia."

"Mtu aliyezimia hatumi. Basi jeneza ni la Silvester, na mzigo ni wa Silvester." Akainua ganda moja kama kidole. "Isipokuwa mzee mwenyewe ajue, aridhie. Mtu akikufanyia jambo kwa jina lako bila kutumwa, ukishajua una hiari. Ukilikataa, linabaki la kwake. Ukiliridhia, linakuwa lako, kana kwamba ulimtuma tangu asubuhi ile."

"Mzee hajui lolote. Wamemficha. Wanaogopa atashtuka."

"Basi mkamuulize."

"Aende nani, mama? Aende nani akamuulize mzee wa watu aliyetoka kufufuka kama analipenda jeneza lake?"

Eveline alirudi kwenye maharage yake. "Hilo si la sheria," alisema. "Hilo ni la adabu, na adabu mimi sina semina yake."

Eliezeri alirudi akiwa na hasira za kumtosha yeye na watoto wake. Alikuta gari aina ya pikapu limesimama mbele ya karakana, limewashwa, dereva anapiga miayo. Ndani, juu ya gogo, alikaa mwanamke wa makamo mwenye khanga nyeusi kichwani. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuingia karakana ile tangu jeneza lisimame, na kwa muda mfupi Eliezeri alimpenda kwa sababu hiyo tu.

"Ugonile, baba," mwanamke alisalimia kwa Kinyakyusa. "Naitwa Tumpe. Natoka Chimala. Nimefiwa na kaka yangu, hapa hospitali ya mjini."

"Pole sana, mama. Pole."

"Nimezunguka kwa mafundi wote. Wanayo ya kawaida tu, na kaka yangu alikuwa mrefu. Mmoja kaniambia tumkunje miguu." Midomo ilimtetemeka, si kwa kilio, kwa ghadhabu. "Fundi, kaka yangu hajawahi kumkunjia mtu miguu. Leo aanze?"

Wote wawili walilitazama shuka la maua.

"Lile si langu," Eliezeri alisema haraka.

"Liko kwako."

"Liko kwangu, si langu. Limelipiwa. Nalitunza."

"Mwenyewe lini anazika?"

Utamwelezaje mfiwa jambo kama hilo? Eliezeri alijaribu. Kadiri alivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuwa la kipuuzi, na Tumpe alimsikiliza kwa uso wa mtu anayengoja hadithi ifike mahali penye akili. Haikufika.

"Kwa hiyo," Tumpe alisema taratibu, "wa kwangu amekufa hana jeneza, na wa kwenu ana jeneza hajafa."

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Na huwezi kunisaidia."

"Nitakutengenezea lingine. Ila mbao nilizonazo ni mbichi, ukizipigilia leo zinapinda njiani. Kesho jioni..."

"Kesho saa nane tunazika. Gari hilo ni la kuazima. Baba, nakuomba."

Eliezeri alitoka nje, akampigia Silvester. Kelele za injini zilikuja kwanza, kisha sauti ya Silvester. "Fundi! Nilikwambia. Usiuze, usiguse—"

"Nisikilize basi! Kuna mfiwa hapa, ana shida. Niruhusu nimpe hili, wewe nitakufanyia lingine siku ya siku, bora zaidi."

"Siku ya siku ya nani? Unamtakia baba yangu nini? Mle ndani mna kipimo chake, fundi. Akilala mtu mwingine, kipimo cha baba kinakwenda na nani?"

Eliezeri alitaka kumtukana, akashindwa, kwa sababu sauti ya yule dereva wa magogo ilikuwa imekatika katikati kama ya mtoto. Kumbe Silvester hakuwa na kiburi tu. Alikuwa anaogopa. Alishampima baba yake mara moja, na mikono iliyoshika ule mwanzi ndiyo hiyo iliyokuwa imeshika usukani.

"Endesha gari," Eliezeri alisema. "Tutaongea."

Aliporudi ndani, Atuganile alikuwa amefika na birika la chai kwa ajili ya mfiwa. Alishaelezwa yote, uso wake ulionyesha. "Mume wangu," alisema kwa sauti ya chini ambayo wanawake huitumia wanapotaka kusikika, "mbona unawapigia watoto simu wakati mwenyewe yuko hai? Kamuulize mwenyewe."

"Wewe nenda kamuulize!"

"Mimi si fundi."

"Na mimi si malaika wa kutoa roho!"

Wakawa wanavutana hivyo, Tumpe akiwatazama mmoja baada ya mwingine, mpaka kivuli kirefu kikaingia kwa mlango, kikapita juu ya maranda yote, kikafika mpaka miguuni pa jeneza. Mwenye kivuli aliinama ili aingie.

"Kamwene," alisalimia kwa Kihehe.

Atuganile alikuwa anamimina chai. Chai ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikaanza safari ya chini.

"Kamwene, mzee," Eliezeri alijibu. Hakuwahi kumwona Mzee Liberatus, lakini hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa ameshamtengeneza.

"Nimeambiwa nina mali hapa," mzee alisema.

Mzee alivua kofia, akapumua kidogo, kifua bado kilikuwa kinakoroma kama mlango usiotiwa mafuta. "Natembea barabarani, daktari kasema nitembee, watoto wa shule wananiita Mzee Jeneza. Nikawauliza, kwa nini jeneza? Wakanielekeza mpaka hapa, na adabu zao zote. Nyumbani nakula kuku kila siku, kila mtu ananichekea, hakuna anayenitazama machoni. Nikajua kuna jambo. Nilidhani wameuza ng'ombe wangu." Akaelekeza kidole. "Livueni gauni."

Eliezeri alivuta shuka. Jeneza likabaki wazi, jekundu la kahawia, limenyooka. Mzee alilisogelea, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Paina."

"Paina, mzee. Ndiyo aliyochagua Silvester."

"Anabeba magogo kutwa kucha, halafu baba yake paina, mbao ya bei rahisi."

"Imekaushwa vizuri, mzee," Eliezeri alisema, maana hapo aliguswa kazini. "Huoni ufa hata mmoja."

"Sijasema una makosa. Nasema na mwanangu." Akapitisha kiganja juu ya kifuniko, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe sokoni na hataki mwenye ng'ombe ajue kampenda. "Kipimo alikuletea?"

Eliezeri alipanda juu ya stuli, akauteremsha mwanzi kutoka boritini. Utando wa buibui ulikuja nao. Mzee aliupokea, akausimamisha kando yake, akanyoosha mgongo mpaka akaguna. Mwanzi ulimzidi. Ulimzidi kiasi cha kuonekana.

"Si wangu huu."

"Wako, mzee. Ulipimwa umelala. Mtu akilala ananyooka."

"Kumbe." Mzee aliitazama ncha ya mwanzi iliyokuwa juu ya kichwa chake. "Sikujua bado ninao urefu wote huu." Akaushusha mwanzi. Kisha sauti ikabadilika. "Waliponipima, kuna mtu alinishika pua? Kuna mtu alitega mkono akaona kama napumua?"

Atuganile alianza kufuta chai iliyomwagika.

"Watoto wangu," mzee alisema. "Nimewasomesha. Wananipima kabla ya kunishika pua."

Tumpe alikuwa ameinuka. Alijifunga khanga yake upya, akashika njia ya mlangoni, kwa haya ya mtu aliyekuta ugomvi wa familia ya wengine. Mzee alimwona.

"Huyu mama kafiwa. Anangoja nini?"

Eliezeri alimweleza. Safari hii maneno yalitoka kwa urahisi, kwa kuwa hakuwa tena na cha kuficha: kaka wa Chimala, miguu ya kukunja, gari la kuazima, Silvester na maneno yake matatu, Eveline na maharage yake.

"Huyo Eveline alisemaje, sema tena."

"Kwamba ukilikataa, ni la Silvester. Ukiliridhia, ni lako."

"Na likiwa la Silvester, Silvester hataki litoke."

"Hataki."

"Na likiwa langu?"

"Likiwa lako ni lako, mzee. Hata ukitaka kufugia kuku."

Mzee Liberatus alivaa kofia yake. "Basi nimeridhia. Mama wa chai, wewe ndiye shahidi. Silvester nilimtuma mimi. Nilikuwa nimezimia, lakini nilimtuma." Akamgeukia Tumpe. "Kaka yako alikuwa mrefu kweli, au msiba ndio unamrefusha?"

"Mrefu kweli, baba. Mlango wa kwetu una alama ya paji lake la uso."

"Chukua hili. Lakini sikupi bure. Kitu kama hiki kikitolewa bure kitakusumbua wewe na kitanisumbua mimi. Kwenu mnalima mpunga?"

"Tunalima, baba."

"Mkishavuna, utaniletea mchele. Ule unaonukia mpaka kwa jirani. Mfuko mdogo unatosha, ila uje nao mwenyewe, unikute, tuule tukiongea habari za kaka yako. Sawa?"

"Sawa, baba. Nitaleta."

"Basi tumeuziana." Wakapeana mikono. Mkono wa Tumpe ulipotea wote ndani ya ule wa mzee, na ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Dereva wa pikapu aliitwa, na wauza viazi wawili, ambao kwa jeneza linaloondoka walikuwa tayari kabisa kuingia ndani. Walipolilaza, mzee aliuzuia mwanzi uliokuwa umeanza kwenda nalo.

"Jeneza liende. Kipimo kinabaki. Kama kuna atakayeuliza," na hapo alimtazama Eliezeri, "kipimo cha Liberatus kiko mkononi mwa Liberatus."

Pikapu ikageuka, ikashika njia ya Chimala. Kona ikabaki tupu, na mstari wa vumbi sakafuni mahali lilipokuwa limesimama. Eliezeri aliitazama ile kona kama mtu aliyerudishiwa jino.

"Fundi," mzee aliita nyuma yake, "na hiki ni cha nani?"

Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha harusi. Kisha, bila kungoja jibu, akavua viatu na kulala. Miguu ilitoka nje ya kitanda, visigino vikaning'inia hewani.

"Mzee! Hicho ni cha maharusi!"

"Kifupi hiki. Cha kwa binti yangu kifupi hivihivi. Nalala kama panzi. Ndiyo maana kifua hakiponi." Akafumba macho. "Ila ni kizuri. Hakilalamiki."

Na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa imeamua kummaliza Eliezeri, bajaji ya mizigo ilisimama mlangoni, Faustina akashuka. Habari za pikapu zilikuwa zimeifikia kwaya nzima. Alichungulia kona, akaona iko tupu, akatabasamu, akaingia. Kisha akaona kitanda.

"Fundi! Kuna maiti juu ya kitanda changu!"

"Shikamoo yangu iko wapi, mwanangu?" maiti akauliza, bila kufumbua macho.

Faustina alikamata fremu ya mlango. Atuganile aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika.

"Huyu ndiye nani?" Faustina alinong'ona.

"Ndiye jirani," Eliezeri alisema. Alikuwa amechoka hata kudanganya. "Mwenye lile jeneza. Sasa kitanda chako, mama, hakijalala na jeneza tu, kimelaliwa na mwenyewe. Kikatae tu. Kikatae, nenda mjini, waambie kwaya, mimi nimeshamaliza."

Mzee aliinuka, akakaa, akamtazama Faustina kwa utulivu. "Kijana anaoa?"

"Jumamosi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mama, fikiri. Kitanda kimelaliwa na mtu aliyepimwa, akatengenezewa, akakataa kwenda. Maharusi wako wanahitaji bahati gani nyingine?"

Faustina alifikiri. Alikizunguka kitanda mara moja, akakibonyeza, akamtazama mzee, akakitazama tena kitanda, na ungeweza kumwona akiwahesabia wanakwaya maneno ya kuwaambia. "Amelala upande gani?" aliuliza mwishowe.

"Huu wa ukutani."

"Huo utakuwa wa mwanangu," Faustina alisema. "Pakieni."

Kitanda kilipotoka, simu ya Eliezeri ililia juu ya maranda. Jina la Silvester. Eliezeri aliitazama kama anavyotazama msumari uliopinda. Mzee akanyoosha mkono, akapewa.

"Silvester. Ndiyo, ni mimi. Hapa kwa fundi... Nimeliona. Nimeridhia. Nimeliuza." Akasikiliza muda mrefu. Upande wa pili hakukuwa na kelele ya injini. Gari lilikuwa limesimama mahali fulani kando ya barabara. "Kipimo ninacho mwenyewe. Ndiyo, mkononi. Futa pua, uendeshe gari taratibu."

Akarudisha simu. "Sasa na mimi nataka kitanda," alisema. "Kirefu. Safari hii mwagizaji ni mwenyewe, na hajazimia."

Eliezeri alitaka kusema kwamba amechoka, kwamba mbao ni mbichi, kwamba hataki tena kusikia neno refu maisha yake yote. Badala yake aliuomba mwanzi, akaulaza juu ya ubao, akatia alama kwa penseli.

"Kwa jeneza huwa tunaongeza kiganja," alisema.

"Na kwa kitanda?"

"Mkono mzima. Mtu anageuka."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akachukua mwanzi wake, akainama mlangoni, akatoka. Hakuna aliyemwuliza atausimamisha wapi nyumbani kwa binti yake. Aliutumia kama fimbo, kwa hatua za mtu anayefuata maagizo ya daktari. Kwenye magunia ya viazi kofia yake ilizama kati ya watu ikapotea. Mwanzi haukupotea. Ncha yake ilionekana juu ya vichwa, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na Eliezeri alisimama mlangoni na penseli sikioni akiifuata kwa macho, mpaka lori likapita katikati, na lilipokwisha kupita akawa bado anaangalia, hana hakika kama anachokiona ni mwanzi au ni waya wa umeme.